Mafundi na Wachoraji Waliowavisha Wanamuziki wa Roki wa Miaka ya 1960

Picha za bendi za roki za London za mwaka 1967 hutambulika hata kabla mtu hajasoma maelezo yake: makoti ya mahameli yenye nakshi, suruali za atlasi, gitaa zilizopakwa rangi tangu shingo hadi tumbo, na mabango ambayo herufi zake zimejipinda kiasi kwamba msomaji hulazimika kusimama ili azitambue. Mwonekano huo, uitwao saikedelia, mara nyingi huhesabiwa kuwa ulibuniwa na wanamuziki wenyewe, au huelezwa kwa neno moja tu, yaani dawa ya kulevya ya LSD. Ni kweli kwamba dawa hiyo, iliyopigwa marufuku Uingereza mwaka 1966, iliathiri sana namna wasanii wale walivyofikiria rangi na maumbo. Hata hivyo dawa haikati kitambaa wala haichanganyi wino. Kazi hizi zilitengenezwa kwa mikono na watu wenye ujuzi, na majina yao yanastahili kufahamika pamoja na ya wale waliozivaa na kuzipiga.

Ujuzi huo ulikuwa na chimbuko linaloweza kufuatiliwa. Jumba la Makumbusho la Victoria and Albert lilifanya maonyesho ya michoro ya Alphonse Mucha mwaka 1963, kisha ya Aubrey Beardsley mwaka 1966. Vijana wa vyuo vya sanaa walioingia humo walikutana na mistari mirefu inayotambaa, nywele zinazotiririka na maua yanayojaza kila pembe ya karatasi. Ndani ya muda mfupi mistari ileile ilikuwa kwenye mabango ya muziki. Kwa upande wa mavazi, duka la Granny Takes a Trip, lililofunguliwa mapema mwaka 1966 katika barabara ya King's Road na Nigel Waymouth, Sheila Cohen na fundi cherehani John Pearse, lilianza kwa kuuza nguo kuukuu za enzi ya Malkia Victoria na miaka iliyofuata. Pearse alikuwa amefunzwa ushonaji wa suti, na ndiyo maana majaketi ya duka lile, hata yakiwa ya kitambaa cha maua makubwa kilichokusudiwa kwa samani, yalikaa vizuri mabegani.

Kundi linalofaa kuangaliwa kwa karibu zaidi ni The Fool. Waanzilishi wake walikuwa Waholanzi, Marijke Koger na Simon Posthuma, wachoraji, pamoja na Josje Leeger, mbunifu wa mavazi. Baadaye aliungana nao Mwingereza Barry Finch. Koger na Posthuma walikuwa wamekaa katika kisiwa cha Ibiza, ambako mpigapicha Karl Ferris alipiga picha za mavazi yao, kisha wakahamia London mwaka 1966. Nguo zao zilichanganya mitindo ya Moroko, ya India na ya waimbaji wa Ulaya ya zama za kati. Bendi ya Hollies ilizivaa kwenye jalada la santuri yake ya Evolution ya mwaka 1967, jalada ambalo kundi hilohilo lilishiriki kulibuni.

Kazi yao mashuhuri kuliko zote ni gitaa la umeme aina ya Gibson SG walilompakia Eric Clapton wa bendi ya Cream, kwa ajili ya maonyesho ya kwanza ya bendi hiyo Marekani, mjini New York, mwezi Machi 1967. Kwenye tumbo la gitaa kuna malaika mwenye mabawa na nywele zilizosokotana, ameshika pembetatu ya chuma ya kugonga kwa mkono mmoja na kijiti chake kwa mkono wa pili. Pembeni yake kuna nyota za manjano, na chini rangi nyekundu na za machungwa zinapanda kama miali ya moto. Gitaa la besi la Jack Bruce na ngoma za Ginger Baker nazo zilipakwa, hivi kwamba jukwaa zima lilionekana kuwa mchoro mmoja. Kwa maoni yangu hapo ndipo kundi hili lilipofikia upeo wake, kwa kuwa mchoro ulifuata umbo la chombo na haukubandikwa juu yake tu.

Bahati yao kwa Beatles ilikuwa ya mchanganyiko. Mchoro waliouandaa kwa ajili ya jalada la Sgt. Pepper, santuri ya Beatles ya mwaka 1967, uliwekwa kando baada ya mfanyabiashara wa sanaa Robert Fraser kushauri kazi hiyo wapewe Peter Blake na mkewe Jann Haworth. The Fool wakabakiwa na mfuko wa ndani wa santuri, wenye mawimbi ya rangi nyekundu na nyeupe. Hapa inafaa kusema wazi kwamba Haworth, msanii aliyefanya kazi kwa kitambaa na aliyeshona baadhi ya sanamu zinazoonekana kwenye jalada lile, ameachwa nje ya simulizi mara nyingi mno, ingawa tuzo ya Grammy ya jalada hilo ilitolewa kwa wote wawili.

Mwezi Novemba 1967 kundi lilichora ukuta wa nje wa jengo namba 94 katika barabara ya Baker Street, ambako duka la mavazi la Beatles lilifunguliwa mwezi uliofuata. Sura kubwa ya mtu ilipanda orofa kadhaa, ikizungukwa na nyota na mipinde ya rangi. Kibali cha ujenzi hakikuwa kimetolewa, wafanyabiashara jirani walilalamika, na kufikia katikati ya mwaka 1968 ukuta ulikuwa umepakwa rangi nyeupe. Duka lilifungwa mwishoni mwa Julai mwaka huohuo na bidhaa zilizobaki zikagawiwa watu bure. Hivyo mojawapo ya michoro mikubwa ya ukutani ya kipindi kile inajulikana leo kwa picha za kamera tu.

Mabango yamedumu zaidi, kwa sababu yalichapwa kwa wingi na watu wakayatunza. Nigel Waymouth na Michael English, waliojiita Hapshash and the Coloured Coat, walichapa kwa skrini ya hariri mabango ya UFO, klabu ya muziki ya London, na ya kumbi nyingine. Walimimina wino wa rangi mbili au zaidi kwenye skrini moja, wakauvuta kwa mkupuo mmoja, rangi zikayeyukiana katikati. Kwa njia hiyo hakuna nakala mbili zilizolingana kabisa. Walitumia pia wino wa dhahabu, wa fedha na ule unaong'aa kupita kiasi. Huko San Francisco, Victor Moscoso, aliyesoma nadharia ya rangi kwa mchoraji Josef Albers katika Chuo Kikuu cha Yale, aliweka rangi mbili zenye nguvu sawa, moja ubavuni mwa nyingine, na jicho likaona mpaka wake ukitetemeka. Hilo ni tokeo la elimu ya darasani, tena elimu ngumu.

Kwa wahifadhi, vitu hivi vina matatizo mahususi. Wino unaong'aa hufifia haraka, na ndiyo maana karatasi za namna hii huonyeshwa kwa mwanga hafifu, kwa kawaida usiozidi luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga), na kwa muda mfupi. Vyombo vya muziki ni vigumu zaidi, kwani vilipakwa rangi kisha vikaendelea kupigwa. Rangi ya gitaa la Clapton ilibanduka kadiri lilivyotumika. Mwanamuziki Todd Rundgren, aliyelinunua baadaye kwa dola 500, alilifanyia marekebisho, akaliuza mwaka 2000 kwa karibu dola 150,000, na mwaka 2023 lilinadiwa kwa dola milioni 1.27. Anayetaka kusoma mkono wa Koger na Posthuma kwenye gitaa hilo anapaswa kwanza kutenganisha tabaka la mwaka 1967 na viraka vilivyopakwa baadaye, kazi inayohitaji darubini, mwanga wa urujuanimno na picha za zamani za jukwaani zinazoonyesha malaika yule alivyokuwa kabla rangi haijaanza kutoka.