"Kina tani ngapi?" Dhana potofu kuhusu uzito wa zana za kivita

Swali la kwanza ninaloulizwa na maofisa wa ununuzi ni lile lile kila mara: kifaru hiki kina tani ngapi? Anayeuliza huwa anataka kusikia namba kubwa, na nikimtajia ndogo uso unamshuka. Nimechoka kulijibu mmoja mmoja.

Dhana: Kifaru kizito zaidi ndicho kinacholinda zaidi

Deraya, yaani chuma kinachokikinga kifaru, haiwekwi kwa unene mmoja kifaru kizima, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Iliyo nene kabisa huwa mbele ya bodi na usoni mwa tureti (sehemu ya juu inayozunguka na mzinga wake), upande unaotarajiwa kumkabili adui. Ubavuni hupungua, na paa huwa jembamba. Ndiyo maana kifaru cha tani 65 kinaweza kustahimili kombora la usoni, kisha kikachomwa na droni ndogo iliyoshukia juu ya injini. Ongeza tani tano mbele, paa litabaki vile vile.

Kinachopandisha uzito hasa ni ukubwa wa nafasi inayozungushiwa chuma. Kila mtu unayemwongeza ndani anataka mahali pa kukaa, na mahali hapo panataka kukingwa. Wasovieti walimwondoa mpakiaji, wakaweka mashine ya kupakia mzinga, wakabaki na watu 3 badala ya 4. Hiyo ni sababu kubwa ya T-72 kuwa na tani arobaini na kitu wakati Leopard 2 ya Ujerumani na Abrams ya Marekani za leo zimevuka 60. Hawakupewa bure: risasi za mzinga zimepangwa duara chini ya wapiganaji, na zikilipuka tureti hung'oka.

Kisha kuna njia. Daraja halina habari na deraya, linahesabu mzigo tu. Maus ya Ujerumani, iliyofanyiwa majaribio mwaka 1944, ilikuwa na tani 188. Waliibuni ivuke mito kwa kupita chini ya maji kwa sababu madaraja yasingeibeba. Tiger II, nayo ya Ujerumani na yenye karibu tani 70, ilipewa injini ya nguvu farasi 700, ileile iliyokuwa kwenye Panther ya tani 45. Gawanya mwenyewe. Nyingi zilitelekezwa na wapiganaji wake baada ya kuharibika au kuishiwa mafuta.

Msiniambie hayo ni ya zamani. M10 Booker ya Marekani, iliyokusudiwa kuwapa askari wa miguu mzinga wa kuwasaidia, ilifika karibu tani 40, na ikabainika kwamba madaraja mengi ndani ya kambi ya Fort Campbell yasingeimudu. Mradi ulisitishwa mwaka 2025.

Wajapani walijifunza kuanza na barabara. Kifaru chao cha Type 90, cha tani 50, kwa uzito wake kiliishia zaidi kukaa Hokkaido, kaskazini. Type 10 iliyofuata wakaishusha hadi tani 44, na deraya yake ni ya vipande vinavyoongezwa au kupunguzwa kulingana na kazi.

Kwa hiyo ushauri wangu, na wanaonijua wameshauchoka: usifungue katalogi kabla hujawa na orodha ya madaraja. Anza na lililo dhaifu kuliko yote katika njia unayokusudia kupita. Kisha nenda kwenye trela, maana trekta, trela na kifaru cha tani 63 kwa pamoja huvuka tani 100. Kisha uliza kikikwama nani atakivuta. M88A2, gari la kuikwamua Abrams, lenyewe lina zaidi ya tani 60. Ukinunua kizito kimoja, umeshanunua msururu mzima wa vizito bila kujua.

Dhana: Kizito huzama topeni, chepesi hupita

Kinachoamua ni shinikizo, yaani uzito ukigawanywa kwa eneo la minyororo linalogusa ardhi. Tiger I ya Ujerumani ilikuwa na minyororo ya vitani yenye upana wa milimita 725 ili isizame. Kwa minyororo hiyo kifaru kilizidi upana unaoruhusiwa kupita kwenye reli, hivyo kabla ya kupandishwa behewani ilibidi ifungwe mingine ya milimita 520, na kufunguliwa tena ikifika. Mwaka 1982, katika vita vya visiwa vya Falkland, Scorpion na Scimitar, magari mepesi ya kivita ya Waingereza, zenye tani 8 hivi, zilipita kwenye ardhi tepetepe kwa sababu zilikuwa nyepesi na pia minyororo yake ilitosha.

Dhana: Magurudumu ni ya jeshi lisilo na fedha

Italia ilitengeneza Centauro na Afrika Kusini Rooikat, magari ya kivita ya magurudumu badala ya minyororo, kwa makusudi, kwa ajili ya mbio ndefu barabarani. Tatizo huanza zinapopewa kazi isiyo yao. AMX-10 RC za Ufaransa ni za upelelezi; Ukraine ilipozitumia kushambulia mwaka 2023, deraya yake nyembamba ilionekana mara moja.

Dhana: Mzinga mkubwa hufaa gari lolote

Sheridan, kifaru chepesi cha Marekani: tani 15, mzinga wa milimita 152. Ikifyatua, magurudumu ya mbele yaliinuka juu. Inatosha.

Dhana: Sasa kuna droni, basi kila kitu kiwe chepesi

Hili ni kosa lile lile limegeuzwa kichwa chini. Marekani ilitaka familia ya magari mepesi ya kubebwa na ndege ya mizigo ya C-130, uzito ukapanda kila walipoongeza kinga, na mwaka 2009 mpango ukafutwa. Merkava ya Israeli ina tani 65 na inafaa, kwa kuwa umbali wa kwenda vitani ni mfupi na waliobuni walitanguliza uhai wa walio ndani, hata injini wakaiweka mbele iwe ngao.

Dhana: Uzito wa kwenye kipeperushi ndio uzito wa gari

Abrams ilianza na tani 54 mwaka 1980; toleo lake la karibuni, SEPv3, linakaribia 67. Kila zana ya kivita hunenepa. Kwa hiyo injini, giaboksi na springi ziachiwe nafasi ya kubeba zaidi tangu siku ya kwanza, na uzito unaoandikwa kwenye mkataba uwe wa gari lililojaa risasi, mafuta na watu. Muuzaji akianza kuzungukazunguka hapo, mwambie alete mzani.