Tezi dume si jina la ugonjwa

Wiki hii nimeisikia tena. Mzee ameketi mbele yangu, karatasi ya vipimo kaikunja hadi imekuwa ndogo kama kiberiti, mwanawe kasimama nyuma yake. "Daktari, wameniambia nina tezi dume." Nikamjibu: "Mzee, hata mimi ninayo. Na huyu kijana wako anayo. Tumezaliwa nayo." Kijana akainua uso. Siku tatu nzima alikuwa akiamini baba yake ana saratani.

Tezi ni kiungo kinachotengeneza majimaji au homoni. Ya machozi, ya mate, ya jasho, zote tezi. Hii ya wanaume hutoa sehemu ya majimaji yanayobeba mbegu. Ipo chini ya kibofu, imeuzunguka mrija wa mkojo. Si korodani, tafadhali. Jina lake la kitaalamu, prostate, limetokana na neno la Kigiriki prostates, yaani asimamaye mbele; ukianzia chini unaikuta imekitangulia kibofu kama bawabu mlangoni. Nalo ni jina la kiungo. (Tezi ya "enda tezi na omo, marejeo ni ngamani" ni nyuma ya chombo cha baharini, hiyo haituhusu.)

Najua tulikoteleza. Mtu akivimba shingo tunasema "ana tezi", basi neno likazoea kubeba uvimbe. Simlaumu mzee. Nawalaumu wenzangu wanaoandika "tezi dume" kwenye nafasi ya ugonjwa, wakapiga mhuri, wakamwita anayefuata.

Maana hapo ndipo mambo mawili yanapochanganywa. Kukua kwa tezi dume, kunakowapata wanaume wengi umri unavyosogea, huanzia sehemu ya ndani inayougusa mrija, ndiyo maana mkojo unakatika-katika na usiku mtu halali. Saratani mara nyingi huanzia sehemu ya nje, upande wa njia ya haja kubwa, na mwanzoni huweza kukaa kimya kabisa. Ya kwanza haigeuki kuwa ya pili. Ila mtu mmoja anaweza kuwa nazo zote mbili, kwa hiyo anayekojoa vizuri asijihesabu salama kwa hilo tu.

Ukubwa nao unatuchezea. Ya kijana ina takriban gramu 20; nimeona kubwa mno kwa watu wasio na shida yoyote, na ndogo iliyoziba mkojo kabisa. Kipimo cha PSA, yaani protini ya tezi dume inayopimwa kwenye damu, hupanda kwa saratani, kwa kukua, kwa maambukizi, hata kwa mpira wa mkojo uliowekwa karibuni. Namba hiyo ikiniijia peke yake sijui niseme nini, na mgonjwa namwambia hivyo hivyo.

Nikaikunjua karatasi ya mzee. Gramu 52, PSA ya kawaida. Nikachukua kalamu, na kabla ya maneno "tezi dume" nikaongeza "kukua kwa".