Maana ya Tamko la Pamoja la China na Uingereza kuhusu Hong Kong

Tamko la Pamoja ni hati iliyotiwa saini mjini Beijing tarehe 19 Desemba 1984 na mawaziri wakuu wawili, Zhao Ziyang wa China na Margaret Thatcher wa Uingereza, ikiweka utaratibu wa Hong Kong kutoka katika utawala wa Kiingereza na kuingia chini ya China kuanzia tarehe 1 Julai 1997. Kisheria hati hiyo ni mkataba, nayo iliandikishwa katika Umoja wa Mataifa mwaka 1985. Hata hivyo iliitwa tamko, na jina hilo lina sababu yake.

Kisiwa cha Hong Kong kilitwaliwa na Uingereza kwa Mkataba wa Nanjing wa mwaka 1842, baada ya Vita vya Afyuni, ambamo Uingereza iliishinda China. Rasi ya Kowloon ikafuata mwaka 1860. Na eneo la New Territories, lililo kubwa kuliko hayo mawili, likakodishwa mwaka 1898 kwa miaka 99. Uingereza ilihesabu kwamba vipande viwili vya kwanza ni vyake daima, na kwamba chenye ukomo ni kile cha tatu tu. China ilishikilia kuwa mikataba yote mitatu ilipatikana kwa mabavu, na kwa hiyo haikuitambua hata mmoja. Thatcher alipokwenda Beijing Septemba 1982 alitaka mikataba hiyo iwe msingi wa mazungumzo, lakini Deng Xiaoping, kiongozi mkuu wa China wakati huo, alikataa katakata kulifanya suala la mamlaka kuwa jambo la kujadiliwa. Uingereza nayo haikuwa na pa kushika, kwa kuwa kisiwa na Kowloon visingeweza kujitegemea bila ardhi na mabwawa ya maji ya New Territories.

Ndipo wanadiplomasia walipotafuta njia ya kukubaliana bila yeyote kukiri hoja ya mwenzake. Katika ibara ya kwanza China peke yake inatamka kwamba imeamua kurejea kutekeleza mamlaka yake juu ya Hong Kong; katika ibara ya pili Uingereza, nayo peke yake, inatamka kwamba itairudisha Hong Kong kwa China. Anayesema “kurejea kutekeleza” anadai kwamba mamlaka hayakumtoka kamwe, ila alizuiwa kuyatumia. Anayesema “kurudisha” anadokeza kwamba alikuwa nayo. Kauli hizo mbili zinakutana kwenye tarehe tu. Hata neno letu “makabidhiano”, tunalolitumia bila kufikiri, linaegemea upande wa Waingereza, kwani Wachina husema Hong Kong “ilirejea”.

Wakazi wa Hong Kong wenyewe hawakuwa na kiti katika mazungumzo hayo, kwa sababu China ilikataa kile ilichokiita kigoda cha miguu mitatu, yaani mazungumzo ya pande tatu. Waliahidiwa badala yake, katika ibara ya tatu, kwamba mfumo wao wa kibepari, mahakama zao na uhuru wao wa kusema na kukusanyika vingebaki bila kubadilishwa kwa miaka 50, chini ya kanuni ya “nchi moja, mifumo miwili”. Ahadi hiyo nayo imeandikwa kama sera ya China, wala si kama sharti lililowekwa na Uingereza.

Ugomvi wa baadaye umezaliwa hapo. Mwaka 2017 Wizara ya Mambo ya Nje ya China ilieleza kwamba Tamko hilo ni hati ya kihistoria isiyo tena na maana ya kivitendo, na Uingereza ikajibu kwamba lingali na nguvu ya kisheria. Sheria ya usalama wa taifa kwa ajili ya Hong Kong ya mwaka 2020 ilipotungwa Beijing, London ilisema Tamko limevunjwa, ikasitisha mkataba wa kubadilishana wahalifu na kuwafungulia mamilioni ya wakazi njia ya kupata uraia wa Uingereza. Beijing ikasema hayo ni mambo yake ya ndani. Tamko lenyewe halitaji mahakama wala msuluhishi wa kuamua nani mwenye haki, na kundi la pamoja la wanadiplomasia lililoundwa kushauriana juu ya utekelezaji wake lilimaliza kazi mwanzoni mwa mwaka 2000.