Somo fupi la katuni kazini ni nini?

Somo fupi la katuni ni video ya dakika moja hadi tatu hivi, yenye michoro inayotembea na sauti ya msimulizi, inayomfundisha mfanyakazi jambo moja la kazi yake. Mara nyingi linatokana na mwongozo wa kazi, lile jalada nene ambalo mgeni hupewa siku ya kwanza, akatia sahihi kwamba amelisoma, kisha likarudi kabatini. Mtengenezaji hulivunja jalada hilo vipande vipande, kila kipande kibebe kitendo kimoja.

Wengi hudhani kazi kubwa ni kuchora, kumbe kazi kubwa ni kupunguza. Tuseme kiwanda cha unga kiko Namanve, nje kidogo ya Kampala, na mwongozo wake unasema: "Mwendeshaji atahakikisha chanzo cha nishati kimetenganishwa kabla ya shughuli yoyote ya matengenezo." Ni kweli tupu, lakini kijana aliyeanza kazi jana haambiwi mkono uende wapi. Kwenye katuni anamwona mtu mbele ya mashine ya kusaga iliyoziba. Anazima swichi kuu. Anaitia kufuli, ufunguo anautia mfukoni mwake. Anasubiri mpaka mashine itulie kabisa, anabonyeza kitufe cha kuwasha kuhakikisha haina umeme, ndipo anafungua kifuniko. Mara anatokea mwenzake wa zamu, hana habari, anataka kuwasha, anakutana na kufuli. Hapo kijana anaelewa kwa nini ufunguo hauachwi mezani, na haihitajiki aya nzima kumweleza.

Richard Mayer, mwanasaikolojia wa Marekani, amechunguza kwa miaka mingi jinsi watu wanavyojifunza kwa picha na maneno. Ameonyesha kwamba picha ikiandamana na maelezo ya sauti hueleweka vizuri kuliko maneno matupu, na kwamba kurundika skrini maandishi yaleyale yanayosomwa kwa sauti huvuruga, kwa kuwa macho hushindwa kufuata picha na maandishi kwa wakati mmoja. Kwa hiyo video inayobandika kurasa za mwongozo, na kikatuni kinapunga mkono pembeni, bado ni jalada lilelile. Muziki wa kelele na vichekesho visivyohusu kazi navyo humwibia mtu usikivu.

Kwa Uganda kuna faida nyingine, nami naiona kubwa kuliko zote. Katika karakana moja utakuta Mganda, Mwacholi, Mteso na Msoga, na si wote wanaosoma Kiingereza cha mwongozo kwa urahisi. Mchoro usio na maandishi huchorwa mara moja, kisha hutiwa sauti ya Luganda, ya Ateso, au ya Kiswahili kwa madereva wa malori wanaoingilia Malaba na Busia, mpakani na Kenya. Ila sauti iseme kama watu wasemavyo: "zima umeme", basi.

Gharama isiwatishe wenye karakana ndogo. Filamu huonyesha picha 24 kwa sekunde, lakini wachoraji wa katuni kwa kawaida huchora 12, kila moja ikikaa mara mbili. Na katuni nyepesi huacha mwili umetulia, ukasogea mkono tu. Kwa somo la kufuli, mkono ndio unaotakiwa kuonekana.

Mwongozo wenyewe haufi. Vipimo vya kemikali na majedwali ya vipuri hubaki humo, maana hakuna atakayeyakumbuka kwa kutazama. Wala video haimalizi wajibu wa mwajiri: Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka awape wafanyakazi maelekezo na mafunzo. Baada ya kutazama, msimamizi ampeleke kijana kwenye mashine, ampe kufuli, amwache afanye mwenyewe bila kumsaidia neno. Wafanyakazi kadhaa wakikwama mahali pamoja, tukio hilo kwenye katuni lichorwe upya.