Mwerezi wa Buluu Nairobi: Pima Ploti na Udongo Kabla ya Kununua Mche

Kila mvua ndefu zinapokaribia, wakazi wa Nairobi hutuuliza juu ya ule mti wa sindano za buluu, yaani majani membamba yenye ncha, wanaouona kwenye picha za bustani za ng'ambo. Mara nyingi huwa ni mwerezi wa Atlas, ambao kwao ni milima ya Moroko na Algeria, kwenye mwinuko wa mita 1,300 hadi 2,600 hivi. Nairobi iko karibu mita 1,800, na usiku wetu wenye ubaridi unaufaa kuliko joto la pwani. Mambo ya kuamua kwanza ni nafasi na udongo.

Mwerezi huu ukikomaa bustanini hutanda mita 9 hadi 12, na kimo chake hupita mita 15. Ploti ya futi hamsini kwa mia ina upana wa mita 15 tu. Ukitoa nyumba, tangi la maji na mahali pa gari, hakuna pa kuuweka. Wako wanaosema wataupogoa ukizidi. Hapo nasisitiza: usipande mti huu kwa nia ya kuukata baadaye. Ukiukata kilele umbo lake la asili linapotea, na tawi likikatwa mpaka sehemu isiyo na majani, kwa kawaida halichipui tena. Mwenye eneo dogo atafute aina inayoinamisha matawi, ambayo shina lake hufungwa kwenye nguzo na kuachwa limwagike kutoka kimo alichochagua mwenyewe. Mwenye nusu ekari upande wa Karen au Runda anaweza kupanda ule unaosimama wima, angalau mita 6 kutoka ukutani na mbali na nyaya za umeme.

Sasa udongo. Sehemu za magharibi na kaskazini ya jiji, kama Kabete, zina udongo mwekundu wenye kina unaopitisha maji vizuri. Ukielekea Embakasi unakuta ule mweusi wa pamba, unaovimba na kushika maji wakati wa mvua, kisha kupasuka nyufa wakati wa kiangazi. Mwerezi huvumilia ukame ukishakomaa, lakini mizizi yake haivumilii kukaa majini. Chimba shimo la sentimita 60, ulijaze maji, yakiisha ulijaze tena. Ukikuta maji bado yametuama kesho yake, usipande hapo. Kuongeza mchanga ndani ya shimo hakusaidii, kwa sababu maji ya udongo wa pembeni yataingia na kukusanyika humo humo. Afadhali kuinua tuta pana, au kuchagua mti mwingine.

Kwenye vitalu vya kando ya barabara, kagua mche kwa macho yako mwenyewe, maana msaipresi wa rangi ya kijivu huweza kuuzwa kwa jina la mwerezi. Shika tawi kuukuu. Sindano za mwerezi hutoka kwa vishada, nyingi pamoja, juu ya vijiti vifupi vigumu, na zinachoma kidogo kidoleni. Majani ya msaipresi ni magamba madogo yaliyolala juu ya kitawi. Uliza pia kama mche umepandikizwa, yaani kitawi cha mti mama kimeunganishwa juu ya shina la mche mwingine. Miche ya mbegu hutofautiana rangi, mingine hubaki kijani tu. Uliopandikizwa hufuata rangi ya mti mama. Machipukizi yanayotoka chini ya kiungo uyakate mapema.

Panda mvua zikishaanza, Machi au Aprili, mahali penye jua la kutwa. Toa mfuko wote na unyooshe mizizi iliyojiviringa. Tandaza majani makavu kuzunguka mche bila kuyagusisha shina. Katika misimu miwili ya kwanza ya kiangazi, mwagilia kwa kina mara moja kwa wiki, badala ya kunyunyiza kila jioni.

Ile buluu ni utando wa nta juu ya sindano. Dawa za mafuta za kuua wadudu huuondoa, na mti hugeuka kijani mpaka sindano mpya zitoke, kwa hiyo soma kibandiko kabla ya kupuliza.

Kama eneo lako ni pana na rangi si sharti, ningependa uufikirie mtarakwa, mti wetu wa misitu ya milimani, ambao mbao zake hazishambuliwi ovyo na mchwa. Ni wa jamii moja na msaipresi, kwa hiyo angalia vidukari wa msaipresi, walioonekana Kenya mwaka 1990: matawi yakianza kukauka rangi ya kahawia kuanzia ndani, karibu na shina, tafuta afisa wa misitu mapema.

Anayetaka kuleta mwerezi kutoka nje apate kibali cha KEPHIS, shirika la serikali linalokagua afya ya mimea, kabla mche haujasafirishwa, na mche uje na cheti cha afya ya mimea cha nchi unakotoka.