Fimbo moja ya boya kwa sato na kambale: maneno ya dukani na ukweli wa majini

Wanaoanza kuvua huniuliza swali lile lile: ninunue fimbo gani ambayo leo nitavulia sato na kesho kambale? Swali ni zuri na jibu lake lipo. Tatizo ni maneno wanayokutana nayo kabla ya kulifikia. Mimi navua kwa boya, yaani kielea kidogo kinachoning'iniza chambo majini, kandokando ya Ziwa Victoria upande wa Mwanza, penye mawe na matete, na inaniuma kuona kijana amejinyima mwezi mzima kisha akarudi nyumbani na fimbo isiyomfaa. Kwa hiyo nayachukua maneno hayo moja moja.

"Fimbo ngumu ndiyo imara"

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hii ndiyo dhana inayokula fedha za wengi. Mtu anashika fimbo, anaitikisa, akiona haichezi anasema hii ndiyo yenyewe. Ni imara kweli, ila kwa kazi nyingine. Fimbo ya boya hufanya kazi kwa kupinda. Samaki akichomoka ghafla, ni ule mpindo unaopokea mshtuko. Fimbo ikikataa kupinda, mshtuko wote unaangukia sehemu mbili dhaifu: fundo la ndoana na mdomo wa samaki.

Mtazame sato mdomoni kwa karibu. Uvute mdomo wake taratibu kwa kidole, utatokeza mbele, na kati ya mdomo na taya utaona utando mwembamba unaopitisha mwanga. Ndoana mara nyingi hunasa hapo. Ukimvuta kwa fimbo ngumu utando unachanika, samaki anakwenda zake na jeraha, na wewe unabaki na ndoana tupu. Nimeshawapoteza wengi hivyo kabla sijaelewa kwamba kosa halikuwa la ndoana wala la chambo.

Kuna kipimo rahisi unachoweza kukifanya palepale dukani. Nenda na chupa ya maji ya nusu lita iliyojaa. Uzito wake ni karibu nusu kilo. Pitisha uzi kwenye pete zote za fimbo, funga chupa, shika fimbo, mpini wake ukiwa umelala sawa na ardhi, kisha acha chupa ining'inie. Fimbo ya boya ya matumizi mengi itainama mpaka ncha yake ielekee chini kabisa, yaani itengeneze pembe mraba na mpini. Isipotikisika kwa nusu lita, ikahitaji lita moja na nusu ndipo iiname hivyo, hiyo ni fimbo ya kutupa mizigo mizito na kuvuta samaki wakubwa, siyo ya boya. Ikilala yote kwa robo lita, itafaa perege wadogo tu.

Chupa hiyo hiyo inakuambia na uzi wa kutumia. Wavuvi wa boya huzidisha mara tano: fimbo inayoinama kwa nusu kilo inaelewana na uzi wa kuhimili kilo 2.5 hadi 3. Ukifunga uzi wa kilo 10, ukikwama kwenye jiwe na kuvuta kwa nguvu, kitakachokatika ni fimbo.

Soma pia maandishi yaliyo juu ya mpini. Mengi yanataja uzito wa kutupa. Boya na risasi zake (vile vizito vidogo vya kuzamisha uzi) vina uzito wa gramu 3 hadi 10 hivi. Fimbo iliyoandikwa gramu 50 hadi 100 haiuhisi uzito huo. Boya litaanguka miguuni pako. Tafuta inayoanzia gramu 5 au 10.

"Urefu ni mbwembwe tu"

Nimemsikia muuzaji akimshauri mteja achukue fimbo ya mita 2.1 kwa kuwa ni rahisi kubeba. Kubeba ni rahisi, lakini kuvua kwa boya utataabika. Boya linapoelea, uzi kati yake na ncha hulala juu ya maji, na upepo wa ziwani huusukuma mpaka ukafanya tumbo. Samaki anapodonoa, unavuta kwanza lile tumbo, na kabla hujamfikia ameshatema. Fimbo ndefu huunyanyua uzi kutoka majini, na ukivuta mara moja unaondoa uzi mwingi uliolegea. Kwangu mimi mita 3.6 hadi 4 ndizo zinazofaa kwa mtu mwenye fimbo moja. Zaidi ya hapo mkono unachoka, na chini ya miti inakuwa adhabu.

Sababu nyingine ni ya afya, nami naisema kwa uzito wote. Kichocho hakihitaji umeze maji. Vijidudu vyake hutoka kwenye konokono wa majini na kupenya ngozi ya mtu aliyesimama kwenye maji, hasa penye majani na maji yaliyotulia, na hapo ndipo sato wanapopenda kukaa. Mwenye fimbo fupi huingia mpaka magotini ili boya livuke matete. Mwenye fimbo ya mita 4 husimama juu ya jiwe, miguu mikavu.

"Karboni asilimia 99, basi ndiyo bora"

Asilimia iliyobandikwa haikuambii fimbo imejengwaje. Karboni ni nyepesi na hurudi haraka baada ya kupinda, na kwa fimbo ndefu unayoishika saa nne mfululizo hilo ni jambo kubwa. Lakini haipendi kugongwa: ikipigwa kwenye jiwe hupata ufa usiouona, na siku ya samaki mzuri inapasuka hapo. Ya nyuzi za kioo ni nzito zaidi ila huvumilia kugongwa kwenye mtumbwi na kwenye bodaboda. Kwa anayeanza, au kwa fimbo ya kutumiwa na familia nzima, sioni aibu yoyote kuchukua ya kioo au mchanganyiko.

Wauzaji wachache hulisema hili: karboni hupitisha umeme. Fimbo ya mita 4 ukiisimamisha chini ya nyaya za umeme ni hatari ya kifo, hata kabla haijagusa waya. Na Ziwa Victoria linajulikana kwa radi zake, hasa usiku na alfajiri. Ukisikia ngurumo, laza fimbo chini uondoke majini.

"Za kuchomoza zote ni mbovu"

Hizi ni fimbo ambazo vipande vyake huingia kimoja ndani ya kingine. Si zote mbovu. Zina pete chache, kwa hiyo fimbo ikipinda uzi hugusa mwili wake na kusuguana. Mchanga ukiingia kwenye maungio, hukwama. Lakini anayepanda daladala hana nafasi ya fimbo ya vipande vitatu vya mita moja na ushei. Ioshe kwa maji safi, ikauke ikiwa imefunguliwa, itadumu.

"Boya haliwezi kuvua kina kinachozidi urefu wa fimbo"

Boya lililobanwa mahali pamoja, ni kweli. Boya linaloteleza kwenye uzi, hapana. Unafunga kifundo kidogo cha uzi mwingine pale unapotaka kina kiishie, unaweka shanga chini yake, kisha boya. Kifundo kinapita kwenye pete na kuingia kwenye rili, kile kigurudumu cha kukunjia uzi. Ukitupa, risasi inavuta uzi chini mpaka shanga ikutane na kifundo, na boya linasimama. Hivyo ndivyo fimbo ya mita 4 inavyovua mita 6.

Na hivyo ndivyo inavyohama kutoka sato kwenda kambale. Kwa sato, ndoana namba 10 au 8, kinyunya cha ugali au chapati, chambo kikining'inia. Kwa kambale, ndoana namba 4 au kubwa zaidi (kumbuka namba ikipanda ndoana inapungua), nyungunyungu wawili, na kina ukizidishe kidogo ili chambo kilale chini kwenye tope. Legeza breki ya rili ili uzi utoke samaki akivuta. Kambale wa kilo 3 anavulika kwa fimbo hiyo hiyo ukiwa na subira na wavu wa mkono. Sangara siyo. Anaweza kupita kilo 100, na hata mdogo wake atakuvuta kwenye mawe. Kwake tafuta zana nyingine.

"Mwanzi ni wa watoto"

Mwanzi uliokomaa, uliokatwa ukiwa na ncha yake nyembamba na kukaushwa kivulini wiki kadhaa ukiwa umening'inizwa kwa ncha, ni fimbo kamili ya boya. Hauna rili, kwa hiyo uzi unakuwa na urefu wa mwanzi wenyewe, na kwa sato wa kando ya matete huo unatosha. Wangu una mita 4 na kidogo. Niliupima kwa chupa kama fimbo yoyote: kwa nusu lita uliinama kidogo tu, ukafika pembe mraba kwa lita moja. Ndiyo maana nimeufungia uzi wa kilo 5.