Je, wajua kwa nini mwanamuziki wa Marekani Arthur Russell aliacha kanda zaidi ya elfu moja lakini albamu ya kuimba moja tu kwa jina lake?

Tukisema msanii ni wa andagraundi, mara nyingi tunamaanisha bado hajatoka. Arthur Russell, mzaliwa wa Oskaloosa, Iowa, mwaka 1951, alikuwa ametoka mara kadhaa, ila watu hawakujua kuwa ni yeye. Wimbo wake wa disko wa mwaka 1978, Kiss Me Again, ulitoka kwa jina la Dinosaur. Nyingine zikaja kwa jina la Loose Joints, nyingine Indian Ocean.

Chombo chake kilikuwa selo, ile fidla kubwa inayobanwa kwa magoti na kupigwa kwa uta. Kuipiga huku unaimba ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana. Shingo ya gitaa ina vyuma vinavyoonyesha pa kuweka kidole. Ya selo ni tupu, kidole kikiteleza kidogo tu noti imeharibika. Halafu selo hulia palepale ilipo sauti ya mwanamume, kwa hiyo vinagombea nafasi. Russell aliviacha vigombane. Alipitisha sauti yake na nyuzi kwenye mitambo ya mwangwi, mnong'ono ukafumana na mkwaruzo wa uta hadi husikii kimoja kinapoishia. Ndivyo ilivyo albamu yake World of Echo ya mwaka 1986, ambayo haikununuliwa sana. Kwangu mimi haina mfano.

Hizo kanda elfu je? Hakuwa mvivu, hakujua kumaliza. Wimbo mmoja aliurekodi, akaubadili, akaurekodi tena. Alizunguka New York na hedifoni masikioni akilinganisha matoleo, hata kwenye kivuko cha Staten Island. Ukimwi ulimuua Aprili 1992, akiwa na miaka 40, kazi nyingi zikiwa bado njiani.

Tangu mwaka 2004 lebo ya Audika imekuwa ikitoa albamu kutoka kwenye kanda hizo, na mwaka 2016 Kanye West alichukua kipande cha Answers Me, wimbo wa Russell, akakitia kwenye wimbo wake 30 Hours. Kila albamu mpya inapoandaliwa, lazima mtu achague toleo lipi la wimbo litoke, uamuzi ambao mwenyewe aliukwepa maisha yake yote.